Vichezeo vya kuogea: kabla hujanunua bata, mminye karibu na shavu

Dada, umeuliza umpe mwanao wa miezi tisa vichezeo gani vya kuogea, maana siku hizi akiona beseni tu anaanza kulia, na umesikia vingine si salama. Ngoja nijibu kwa kirefu. Mimi ni baba wa watatu, na kuogesha jioni ni zamu yangu tangu wa kwanza, kwa hiyo makosa karibu yote nimeshayafanya mwenyewe.

La kwanza lilikuwa bata. Yule wa njano, laini, ukimminya analia na kurusha maji. Binti yangu alimpenda kiasi kwamba havui nguo mpaka bata atangulie majini. Tukaenda hivyo miezi mitano hivi. Jioni moja nikamkuta amemshika kwa mikono miwili, mdomo wa bata uko kinywani mwake, ananyonya maji yaliyobaki ndani. Nikamnyang'anya, nikamminya bata juu ya kiganja changu. Yakatoka maji yenye vipande vyeusi, laini kama majivu yaliyolowa. Nilichukua mkasi nikampasua katikati. Nje alikuwa anang'aa kama siku tuliyomnunua. Ndani utando mweusi unaoteleza umetanda kila mahali, na harufu ya kitambaa cha deki kilichosahaulika kwenye ndoo. Mtoto hakuumwa, namshukuru Mungu, lakini usiku ule usingizi ulinipaa.

Kumbe si bata wangu peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi na Marekani walichapisha matokeo ya kupasua vichezeo 19 vya kuogea. Vyote vilikuwa na utando wa vijidudu ndani, kati ya milioni 5 na milioni 75 kwa kila sentimita moja ya mraba, na zaidi ya nusu vilikuwa na kuvu. Kilichonishangaza ni kwamba chakula cha vijidudu hao kinatoka kwenye plastiki laini yenyewe, halafu sabuni na uchafu wa mwili vinaongezea. Maana yake hata ukijaza maji safi kila siku, bado unawalisha.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza, na nikilazimishwa kubaki na moja ndilo hili: kichezeo cha kuogea kisiwe na tumbo usiloweza kuliona. Ama kiwe kimefungwa kabisa bila tundu, ama kiwe wazi mkono na kitambaa vipite. Siku hizi kuna vya silikoni vinavyofunguka vipande viwili ukavisugua, hivyo navikubali. Dukani usitegemee macho, tundu linaweza kujificha chini ya mkia. Mlete bata karibu na shavu, mminye. Ukihisi upepo, mrudishe. Nyumbani fanya jaribio la pili: mzamishe, mminye, uone kama povu linatoka kwenye maungio. Hata asiye na tundu akipata ufa, anajaa maji kama wenzake.

Wako watakaokwambia ziba tundu kwa gundi. Nimejaribu kwa mtoto wa pili. Kwa wiki chache mambo yalikuwa shwari, kisha donge la gundi likabanduka, nikalikuta linaelea mbele yake likiwa na ukubwa wa kumpalia. Wengine watasema loweka kwenye siki. Siki inasafisha inapofika, ila ndani ya bata huoni imefika wapi.

Sasa cha kumchezesha. Mtoto wa miezi tisa hana haja na kitu kinachoimba. Anataka kugonga, kutia mdomoni, kutumbukiza na kutoa. Mpe vikombe vya plastiki vinavyoingiana, basi, na vikiwa na matundu chini ni bora zaidi. Mwanangu wa pili alikuwa na kimoja chenye tundu moja tu. Anakijaza, anakiinua, anakodolea macho uzi wa maji unaoshuka, kisha anajaribu kuushika kwa vidole viwili. Ukikatika anashangaa, anachota tena. Mimi nimechoka kuchuchumaa, yeye bado anatafuta namna ya kuukamata.

Na kile kilio chako cha beseni, sidhani kichezeo peke yake kitakitibu. Mpe vikombe kwanza kwenye beseni kavu, na nguo zake mwilini, achezee humo siku mbili tatu. Kisha tia maji kidogo ya vuguvugu, nyuzi 37 hivi. Kiwiko chako kisihisi moto wala baridi. Yeye mwenyewe ajimwagie tumboni. Kichwa kioshe mwisho kabisa, maana mara nyingi kinachomliza ni maji ya usoni, beseni linasingiziwa tu.

Akifika mwaka na nusu ataanza kumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, na akifika miwili atataka kumwogesha mwanasesere. Hapo chagua wa plastiki ngumu asiye na nywele wala mwili wa kitambaa, kwani kitambaa hakikauki. Herufi za sponji za kubandika ukutani mimi nilizitupa meno yalipoota. Zinamegeka.

Ukubwa: kwa walio chini ya miaka mitatu, viwanda hupimia vipande vidogo kwa kibomba chenye upana wa milimita 31.7. Nyumbani tumia kile kibomba cha boksi kinachobaki tishu ya chooni ikiisha. Ni kipana zaidi kidogo, na hiyo ni heri. Kinachopita humo hakiingii bafuni. Vinavyowaka taa viache pia, hasa kama kifuniko cha betri hakina skrubu. Betri bapa ya kitufe ikimezwa inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili.

Tazama na ncha ngumu. Mwaka 2023, Marekani, papa wa kuogea wapatao milioni 7.5 waliondolewa sokoni kwa sababu ya pezi gumu la mgongoni, baada ya watoto kuwaangukia au kuwakalia na kuumia. Ukifikiria utaona: mtoto yuko uchi, chini panateleza, kichezeo kimesimama wima. Tangu nisome habari ile, kila kichezeo nakibonyeza kwa kiganja kwanza.

Kuhusu plastiki laini, Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia baadhi ya vilainishi viitwavyo thaleti kwenye vichezeo mwaka 1999, na Marekani ikaweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa sheria ya 2008. Tafuta maandishi yanayosema havimo. Kisicho na maandishi yoyote na kinanuka kemikali kali, mimi sinunui.

Boya la shingoni usiliguse. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wazazi wasiwavalishe watoto wachanga. Na kiti cha kuogea kinachong'ang'ania chini kwa vinyonyeo vya mpira kinaweza kubanduka. Sentimita tano za maji zinatosha kumzamisha mtoto, tena bila kelele, kwa hiyo simu ikiita iache iite.

Jambo la mwisho ni mtoto wangu wa tatu, akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Nilimaliza kumwogesha, nikamvika, nikarudi kutafuta taulo langu. Nilikuwa nimeacha ndoo ina maji nusu, kikombe chekundu kinaelea. Nilipogeuka alikuwa ameinamia ukingo wa ndoo, visigino vimenyanyuka, mkono umenyooka kukifuata kikombe. Nilimdaka kwa gauni. Sasa maji yanamwagwa kabla mtoto hajafutwa, vikombe vinaingia kwenye mfuko wa wavu na kutundikwa dirishani penye upepo, na ndoo inalala imepinduliwa.