Muulize Shangazi: «Eti maziwa yangu yamelala»

SWALI: Shangazi, jambo yako. Nina miaka 22, nauza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, soko la Kadutu. Alfajiri nashuka ziwani mitumbwi inaporudi, narangua beseni, napanda nalo kichwani. Mtoto wangu wa kwanza ana miezi minne. Namwachia mdogo wangu. Narudi saa tano, maziwa yamejaa hadi blauzi imelowa. Mama mkwe anataka nikamue yale ya kwanza niyamwage, eti yamelala kifuani, yamepigwa na baridi, yatamharisha mtoto. Anasema tuanze uji wa masoso, ule wa mahindi, soya na mtama, ama niache biashara. Biashara siachi, Shangazi, likirimba yangu, mchango wetu wa kupokezana pesa, inategemea lile beseni. Na nikirudi, mtoto akisikia tu sauti yangu mlangoni anaanza kurusha miguu, uchovu wote unaisha. Nifanyeje?
Mama wa sambaza, Bukavu

JIBU: Jambo sana, binti yangu. Nilikuwa mkunga hadi kustaafu, na hayo maziwa yaliyolala nimeyasikia karibu kila juma. Maziwa hayalali. Ndani ya titi yana joto la mwili wako, hata ukishinda ufukoni tangu usiku. Ukifika nyumbani nawa samaki mikononi, keti, mpe mtoto yote.

Uji usubiri. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, hata maji asipewe; baada ya hapo chakula kinaongezwa huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Masoso ni uji mzuri, sina ugomvi nao. Ila kwa sasa, pamoja na maji ya bidoni (dumu), ndio unaoweza kumharisha.

Kabla ya kushuka ziwani, mnyonyeshe, kisha kamua kwenye kikombe kilichochemshwa. Kidole gumba juu, cha shahada chini, nyuma kidogo ya ule weusi. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usivute chuchu, utajiumiza bure. Mwanzoni yatatoka matone tu, vumilia, yanakuja. Funika, weka penye ubaridi; yanakaa muda wa saa 4. Mdogo wako ampe kwa kikombe, polepole, si kwa chupa, maana chupa kuitakasa ni kazi. Akikuta mafuta yamepanda juu asishtuke, atikise kidogo.

Halafu kuna mwezi. Unajua kuliko mimi: sambaza huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka hazifuati taa. Siku hizo utagombania beseni kwa bei ya juu upate faida ya chumvi. Mimi ningelala na mtoto wangu, na mchango wa likirimba ningeutenga mapema, mwezi ukiwa bado mdogo.

Sasa mama mkwe. (Mama wakwe wa Bukavu, msinitumie matusi, nami ni mmoja wenu.) Usimbishie mbele ya mume wako. Siku ya kupima uzito nenda naye kituo cha afya, mketishe karibu na muuguzi, asikie mwenyewe. Kisha umwambie kwamba uji wa kwanza, miezi miwili ijayo, ataupika yeye, na sambaza kavu za kutia ndani utamletea wewe. Azisage na vichwa na mifupa yake, unga uwe laini kabisa. Chumvi asitie.