Kwa mnaoanza kuigiza Othello: msimkimbilie Iago

Wadogo zangu mnaojiunga na kundi mwaka huu, nimesikia mmeshaanza kugombania nani acheze Iago, yule askari anayemtia Othello wivu mpaka amuue mkewe. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Kabla hamjagawana nafasi, naomba mnisikilize. Tamthilia hii ya Shakespeare nimeiongoza mara tatu hapa Dar, na mara ya kwanza niliiharibu.

Tulikuwa tunafanya mazoezi jioni, kwenye ukumbi wa kukodi Magomeni. Iago wangu nilimfundisha kukunja uso, kucheka kwa jeuri na kuzunguka jukwaani kama fisi aliyenusa mzoga. Watazamaji walimfurahia. Ila Othello walimwona mjinga: mtu mzima, jemadari, anadanganywaje na mtu ambaye ubaya umemjaa usoni? Desdemona, mkewe, alipouawa, hakuna aliyelia. Kosa lilikuwa langu.

Nendeni mkasome sehemu ya tatu, onyesho la tatu, polepole. Cassio, msaidizi wa Othello, anaagana na Desdemona na kuondoka haraka. Iago anaguna kwamba hilo hakulipenda, basi. Othello akimuuliza amesema nini, anarudi nyuma: si kitu, bwana. Kisha anaanza kuyarudia maneno ya Othello mwenyewe kama mwangwi, mpaka Othello anamsihi aseme anachowaza. Huyo ndiye mfitini tunayemjua mitaani kwetu. Haji na tuhuma mkononi. Anakuja na "mimi sipendi kusema", "labda nimeona vibaya", na mwishowe wewe ndiye unayemwomba akutilie sumu.

Tena sumu yenyewe ameichanganya na mambo ya kweli. Desdemona kweli aliolewa kwa kumficha baba yake. Baba huyo, Brabantio, alimwonya mkwewe mbele ya wakubwa wa Venice: aliyemdanganya baba, na mume anaweza kumdanganya. Iago anamkumbusha tu maneno hayo. Othello ni mtu mweusi, mgeni katika mji ule, amekulia vitani, na umri wake umeupita wa mkewe. Yote hayo yalikuwa yanamuuma kabla Iago hajafungua mdomo. Utakayecheza Othello, hasira usianze nayo. Tafuta kwanza pale anapojiona hastahili kupendwa.

Sasa leso. Hapa nawaomba mtulie, maana hapa ndipo waigizaji wengi hupita mbio. Othello anasema kichwa kinamuuma. Desdemona anatoa leso yenye nakshi za stroberi, zawadi ya kwanza aliyopewa na mumewe, ili amfunge. Othello anasema ni ndogo mno, inaanguka, na ni yeye mwenyewe anayesema iacheni hapo, twende ndani. Leso ileile ndiyo inayokuja kuwa sababu ya kumuua mkewe! Sisi tulitumia kipande cha kanga kuukuu tulichokipinda ncha, maana pwani yetu leso ni jina la kanga pia, nguo ya kupeana na ya kusemeshana. Binti aliyecheza Desdemona alikuwa anaidondosha kama anatupa tiketi ya daladala. Nikamwambia, shikilia ncha moja, usiachie mpaka mkono wa mume uisukume. Walipojaribu hivyo, fundi wa taa aliacha nyaya zake akasimama kutazama.

Emilia, mtumishi wa Desdemona, anaiokota na kumpa mumewe Iago, naye anaiangusha chumbani kwa Cassio iwe ushahidi. Desdemona anapouliza iko wapi, anajibu hajui. Na Desdemona mwenyewe, anapobanwa na mumewe kwa ukali, anasema haijapotea. Ni uongo wa mtu aliyeogopa, lakini ni uongo, na utakayemcheza usiufunike kwa sauti tamu. Wivu wa Othello umeshaifikisha nyumba mahali ambapo hata asiye na hatia anaogopa kusema kweli.

Mara ya tatu tulicheza Temeke. Iago alikuwa mpole, mtu wa "ndiyo bwana". Katikati ya lile onyesho la tatu la sehemu ya tatu, mama mmoja safu ya pili hakuvumilia: "Baba, si umuulize mwenyewe!" Ukumbi mzima ukamuunga mkono. Tamthilia hii ilichezwa katika kasri la mfalme London tarehe 1 Novemba 1604, na zaidi ya miaka 400 baadaye mama wa Temeke akaweka kidole palepale penye kidonda. Nilirudi nyumbani nikaisoma upya usiku huo. Othello anamuuliza, ndiyo, lakini katika sehemu ya nne, na ameshahukumu. Mkewe anamuuliza: nimekukosea na nani, bwana wangu? Hajibiwi. Shutuma ya kutembea na Cassio anakuja kuisikia kitandani, amebakiza dakika chache, na anachoomba ni Cassio aitwe, aulizwe. Ni neno lilelile la yule mama.

Kwa hiyo msimkimbilie Iago. Mwenye kazi nzito kuliko wote ni Emilia. Desdemona ameshakufa, Othello anamwambia kwamba mumewe ndiye aliyemfumbua macho, na Emilia anasema, "Mume wangu?" Anarudia tena, na tena. Waanzao huyasema yote kwa kupiga kelele. Dada aliyemcheza Temeke, la kwanza alilitoa kama mtu ambaye hakusikia vizuri. La pili alikuwa anaitazama mikono yake, ile iliyookota leso. La tatu halikuwa na sauti, midomo tu ilicheza, na Othello ikabidi amsogelee ili asikie.

Jumamosi tutaanza na hapo. Njooni na kanga.