Sukari ya mwenye sistiki faibrosisi: msimnyime chakula

Safari hii nimechagua barua zinazofanana, kwa sababu zimekuja kadhaa kutoka Mbeya, Iringa na Njombe, na hofu iliyomo ndani yake ni moja. Wanaouliza ni wenye sistiki faibrosisi, au wazazi wao, walioambiwa hivi karibuni kwamba sasa kuna na kisukari juu yake. Sistiki faibrosisi ni ugonjwa wa kurithi. Ute wa mwilini unakuwa mzito na wa kunata, unaziba njia za hewa kwenye mapafu, unaziba mirija ya kongosho, na jasho linatoka na chumvi nyingi kupita kawaida. Kwetu bado haujulikani sana, ndiyo maana wenye nao wanapewa ushauri mwingi ambao haukuandikwa kwa ajili yao.

Habari za kazi, sista. Mwanangu ana miaka 16. Alitibiwa TB mara mbili bila kupona, hadi tulipofika Dar es Salaam wakakuta ni sistiki faibrosisi. Mwezi uliopita wamesema ana sukari pia. Kwenye ukoo wetu hakuna mwenye sukari. Ni zile soda nilizokuwa namnunulia? (Mama, Uyole)

Nzuri, mama. Pole sana kwa safari ndefu hiyo. Hapana, si soda, wala si malezi yako.

Kongosho ina kazi mbili: inatoa vimeng'enya vya kusaga chakula, na inatoa insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Ute mzito ukiziba mirija yake, kongosho inajaa makovu polepole, na seli zinazotoa insulini zinapungua mwaka hadi mwaka. Uharibifu huo huanza mtoto akiwa bado tumboni. Kwenye nchi zinazoweka kumbukumbu za wagonjwa hawa, karibu 1 kati ya vijana 5 hupata kisukari, na kwa watu wazima wanakaribia nusu. Ndiyo sababu mwongozo wa matibabu unataka wapimwe sukari kila mwaka kuanzia miaka 10, hata kama hawana dalili yoyote.

Basi kisukari hiki ni cha aina yake. Si kile cha aina ya 1, ambacho kinga ya mwili inashambulia kongosho, na si kile cha aina ya 2 mnachokiona kwa babu na bibi. Ukiulizwa hospitali ana kisukari cha aina gani, taja sistiki faibrosisi kwanza.

Sista, binti yangu ana miaka 17 na kilo 38. Tangu waseme ana sukari, shangazi zake wamekuja juu: wali asile, ndizi asile, viazi basi, mafuta na chumvi vipungue, abaki na ugali wa dona kidogo na mchicha. Hata kwenye kituo nilichoenda nilipewa karatasi yenye maneno hayo hayo. Mtoto anazidi kukonda. (Mama, Tukuyu)

Mama, hiyo karatasi iweke pembeni leo hii. Imeandikwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya 2, ambaye mara nyingi anatakiwa apunguze uzito. Binti yako anatakiwa aongeze. Mwenye sistiki faibrosisi akikonda, mapafu nayo yanarudi nyuma, na maambukizi ya kifua yanampata kirahisi zaidi. Mwili wake unatumia nguvu nyingi kupumua na kupambana na bakteria, na sehemu ya chakula anachokula inapotea chooni bila kutumika. Anahitaji kula kuliko wenzake wa rika lake, wakati mwingine hadi mara mbili yao. Kisukari hakijaondoa hitaji hilo hata kidogo. Kazi yetu ni kuongeza insulini ilingane na chakula, si kupunguza chakula ili namba kwenye mashine ipendeze. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na sukari nzuri kwenye daftari huku anaisha.

Na mko Tukuyu, mmejaliwa. Parachichi lina mafuta mengi na sukari kidogo sana. Ale kila siku, hata mara mbili. Ndizi za kupika ziunge kwa karanga au maziwa. Maharage yatiwe mafuta ya kutosha, mayai yawepo, maziwa yawe na malai yake. Wali wa Kyela ale. Chumvi asipunguziwe, hasa akishuka kwenye joto, kwa maana inamtoka kwa jasho.

Kinachobadilika ni sukari ya kunywa: soda, juisi za boksi, togwa lililotiwa sukari, chai ya vijiko vitano inayonywewa mchana kutwa. Hizo zinaingia kwenye damu haraka na hazimwachii lishe ya maana. Akitamani soda, anywe pamoja na mlo aliouchomea insulini. Ugali, wali na viazi agawe kwenye milo ya siku nzima pamoja na vitafunwa, badala ya sahani moja kubwa usiku.

Halafu fanya jambo moja jikoni. Tenga kijiko kimoja kikubwa cha kupakulia, kiwe hicho hicho kila siku, na sahani yake iwe hiyo hiyo. Aandike kwenye daftari: wali vijiko vitatu, sukari kabla ya kula 7 (milimoli kwa lita, kama mashine inavyosoma), saa mbili baada ya kula 13. Kesho yake tena. Baada ya wiki mbili hivi daktari akilifungua daftari hilo ataona mlo gani unahitaji insulini zaidi, na hatabahatisha.

Vidonge vya vimeng'enya aendelee kuvimeza anapoanza kula. Akivisahau, chakula hakisagwi vizuri, mafuta yanatoka kwenye choo kinachong'aa na kunuka, na insulini aliyochoma inakosa chakula cha kufanyia kazi. Hapo sukari inaweza kushuka ghafla.

Shangazi zake wana upendo. Siku ya kliniki nenda na mmoja wao, akasikie kwa masikio yake.

Dada, mimi nina miaka 24. Naogopa sindano. Kwa nini nisipewe vidonge kama mjomba wangu? Kuna na mzee mmoja Mwanjelwa ana mizizi ya sukari. (Kijana, Mbeya mjini)

Vidonge vya mjomba vinafanya kazi kwa mtu ambaye kongosho yake bado inatoa insulini ya kutosha lakini mwili hauisikii. Yako haiitoi ya kutosha, kwa hiyo tiba inayopendekezwa ni insulini yenyewe. Baadhi ya vidonge vya sukari pia vinakata hamu ya kula na kuvuruga tumbo, na wewe hamu ya kula ni mali. Faida nyingine ya insulini ni kwamba inajenga misuli na kurudisha uzito. Kuna ambao hali ya kifua imekuwa nzuri zaidi baada ya kuianza, maana sukari ikizidi kwenye damu inafika hadi kwenye ute wa mapafu, na bakteria wanastawi hapo.

Mizizi acha, mdogo wangu. Hakuna anayejua kipimo chake, na ini lako lina mzigo wa kutosha. Kuhusu maumivu: sindano za insulini ni fupi na nyembamba, si zile za penisilini. Badilisha sehemu kila mara, tumbo, paja, tako, ili pasiwe na uvimbe mgumu unaozuia dawa kuingia.

Kipimo cha miezi mitatu kimesoma asilimia 5.8, wakasema sina sukari. Kile cha kunywa glukosi kikasoma 12.4 baada ya saa mbili, wakasema ninayo. Nimwamini nani? (Iringa)

Amini cha kunywa glukosi. Kikifika 11.1 au zaidi baada ya saa mbili, hicho ni kisukari. Kipimo cha miezi mitatu, yaani cha wastani wa sukari ya miezi hiyo (HbA1c), hutegemea umri wa chembe nyekundu za damu, na kwa wenye sistiki faibrosisi kinaweza kusoma chini kuliko hali halisi. Kikiwa juu kina maana. Kikiwa chini hakikuondoi mashaka.

Tunaishi Makete, umeme unakatika na friji hatuna. Insulini tutaitunzaje? (Baba wa mtoto)

Wengi wanaogopa joto peke yake. Kwenu, baba, baridi nayo ni adui. Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima, itupwe. Miezi ya Juni na Julai, barafu inapodondoka usiku, usiiache dirishani wala kwenye banda la nje. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko, ndani ya chumba mnacholala, mbali na jiko.

Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa nyuzijoto 2 hadi 8. Omba kituo cha afya chenye friji ya chanjo wakusaidie kuzitunza, uwe unachukua moja moja. Iliyofunguliwa inakaa nje ya friji kama wiki nne, isipofika joto la nyuzi 30. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa. Mkisafiri kwenda Kyela, tumieni chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, juu kitambaa kibichi, mahali penye upepo. Insulini ambayo kwa kawaida ni angavu ikiwa na ukungu au vipande vipande, msiitumie.

Mimi ni matroni wa shule ya bweni, Mafinga. Tumepokea mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye hali hii. Nifanye nini sukari ikishuka? (Matroni)

Asante kwa kuuliza kabla. Sukari chini ya 4 ni dharura ndogo. Utaona anatetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, amenuna bila sababu au anajibu mambo yasiyoeleweka. Mpe nusu chupa ya soda ya kawaida, au vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Hiyo haihitaji kidonge cha vimeng'enya. Pima tena baada ya dakika 15. Kama bado iko chini, rudia, kisha ale chakula cha kawaida. Asipojitambua, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali.

Angalia mchakamchaka wa alfajiri. Mazoezi yanasaidia sana kutoa makohozi, kwa hiyo akimbie na wenzake, ila apime kwanza, ale kitu kidogo, na awe na glukosi au pipi mfukoni. Insulini ile angavu ya kawaida huchomwa nusu saa kabla ya mlo. Basi uji au ugali ukichelewa jikoni, yeye ndiye anayeumia, apakuliwe kwanza. Akipata maambukizi ya kifua sukari itapanda na atahitaji insulini zaidi kwa muda, kwa hiyo wapigie simu wazazi na daktari siku hiyo hiyo.

Dada, nimechoka. Asubuhi dawa ya kuvuta, kugongwa kifua nitoe makohozi, vidonge kila mlo, na sasa kujitoboa vidole. Juzi nililia chooni ofisini. Sijamwambia mtu. (Kijana, Iringa)

Kaka yangu, una haki ya kulia. Umepewa ugonjwa wa pili kabla hujapumzika na wa kwanza, na hakuna maneno ya kulifanya hilo jepesi. Sitakwambia uwe jasiri.

Naomba mambo machache. Mwambie mtu mmoja wiki hii, dada yako au rafiki wa kazini, na umfundishe kupima sukari yako, ili siku ukichoka afanye yeye. Usijipime ili ujihukumu. 15 kwenye mashine inakwambia dozi ya kuchoma na chakula cha kuangalia, haikupi alama ya mtihani. Panga asubuhi kwa mfuatano mmoja: vuta dawa, toa makohozi, pima, choma, kisha kaa ule bila haraka. Ukitaka kuzungumza na mwenzako mwenye sistiki faibrosisi, fanyeni kwa simu, maana mnaweza kuambukizana bakteria wabaya wa kifua mkikaa karibu. Lakini kwenye kliniki ya kisukari kuna vijana wa aina ya 1 wanaojua uchovu huu wa kuhesabu kila tonge. Kaa nao.

Usingizi ukipotea, chakula kikikosa ladha kwa wiki mbili, au ukianza kufikiria kufa, nenda hospitali useme hivyo hivyo bila kuzunguka. Huzuni ya namna hiyo inatibika, na kwa wenye hali yako inatakiwa iulizwe kila mwaka.

Wadogo zake wawili wataambukizwa? Na yeye atakuja kupata watoto? (Baba, Njombe)

Kuambukizwa hapana. Lakini kwa kila ujauzito wenu kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kurithi sistiki faibrosisi, kwa hiyo wadogo wapimwe jasho, hasa mwenye kikohozi kisichoisha au asiyeongezeka uzito. Wanaume wengi wenye ugonjwa huu hutengeneza mbegu ila njia ya kuzipitisha haipo. Tendo la ndoa halina shida, mtoto ndiye atahitaji msaada wa kitaalamu. Wanawake wengi wanashika mimba, na wapange mapema na daktari ili sukari iwe imetulia.

Macho na figo vinaharibika lini? (Mama, Uyole, tena)

Si leo, mama. Madhara hayo yanakuja taratibu, sukari ikikaa juu miaka mingi. Presha ipimwe kila mnapofika kliniki. Mwaka wa tano baada ya kugundulika, aanze kupimwa macho, mkojo kwa ajili ya figo, na miguu, kisha kila mwaka. Andika mwaka huo kwenye jalada la kadi yake ya kliniki sasa hivi, kwa kalamu ya wino.