Kuficha Kipini cha Sikioni Bila Kuliumiza Sikio

Kila asubuhi, kabla daladala ya kutoka Sakina haijafika mjini Arusha, nilikuwa nachomoa kipini cha sikio la kushoto, nakizungushia tishu na kukitumbukiza kwenye kipochi pamoja na chenji. Jioni nikishatoka zamu nakirudisha. Nilijiona mjanja. Siku ya tisa tundu likagoma. Nikasukuma kwa nguvu, damu ikatoka, nikajifuta nikalala. Kulipokucha nusu ya juu ya sikio ilikuwa imefura, inang'aa, ya moto kiasi kwamba hata shuka likiligusa nasikia mshtuko mpaka kwenye jino.

Ndewe, yaani ile sehemu laini ya chini, haikuwa na shida yoyote. Daktari alipoiona hivyo akatikisa kichwa. Akaniambia huko chini kuna nyama na mafuta, ila huku juu kuna gegedu, yaani kile kigumu kinachopindika, na gegedu halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na utando na ngozi iliyolifunika. Wadudu wakiingia kati, dawa inafika kwa tabu na gegedu linaweza kufa kipande kipande, sikio likajikunja na kubaki hivyo maisha. Bakteria anayependa sana mchezo huo anaitwa Pseudomonas, ni mkazi wa maji na sehemu zenye unyevunyevu, na si kila antibiotiki inamweza. Ndiyo maana zile kapsuli nilizokuwa nimejinunulia mwenyewe duka la dawa siku moja kabla hazikunisaidia kitu.

Nilipona, na sikio lina umbo lake. Lakini tangu hapo nina msimamo mmoja ambao huwa nawaambia wadogo zangu: tundu likiwa bichi, kuficha si kutoa. Ficha kipini kikiwa ndani. Ukikitoa asubuhi na kukirudisha jioni, kila siku unatoga upya kidonda kilekile, na safari hii kwa mkono usiooshwa.

Nieleze ilivyokuwa. Nilipata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha wiki ya sita baada ya kutoga. Barua ya ajira ilikuja na karatasi ya mavazi: kucha fupi, viatu vyeusi, hereni moja kila sikio, isiyoning'inia. Mimi nilikuwa na tundu la pili kwenye ndewe na lile la juu kwenye gegedu. (Ukutani, nyuma ya kaunta nilipokuwa nasimama, kulikuwa na picha kubwa ya mama wa Kimaasai mwenye mapambo ya shanga kuanzia juu ya sikio mpaka begani. Wageni walipiga nayo picha kila siku. Sina la kuongeza.)

La kwanza ambalo ningelifanya tofauti ni kalenda. Ndewe inataka wiki sita mpaka nane kupona. Gegedu linataka miezi sita, mara nyingi hata mwaka mzima, na linaweza kuonekana limepona kwa nje huku ndani bado bichi. Sasa piga hesabu: likizo ya mwaka kwa sheria yetu ya kazi ni siku 28. Haitoshi hata kwa ndewe. Kwa hiyo ukiwaza kutoga mwanzo wa likizo ili urudi kazini umepona, utarudi na kidonda. Likizo inakusaidia kupita zile wiki za mwanzo za uvimbe, basi. Zinazobaki utazimalizia kazini, na lazima ujue mapema utakavyoficha.

La pili ni namna ya kutogwa. Mara ya kwanza nilitogwa na ile bunduki ya duka la vipodozi. Inasukuma kipini butu kupita kwenye nyama, inaponda badala ya kukata, na sehemu zake za plastiki haziwezi kuvumilia mvuke wa nyuzi 121 unaoua wadudu kwenye vyombo vya hospitali. Kwenye ndewe wengi wamepona nayo. Kwenye gegedu, kataa. Mara ya pili, miezi minane baadaye, nilitafuta fundi anayetumia sindano, nikamwambia afungue pakiti mbele yangu. Homa ya ini aina ya B haina aibu, inapita kwenye sindano iliyotumika kwa mtu mmoja tu kabla yako.

Tena safari hii nilichagua kipini kwa akili ya kuficha tangu siku ya kwanza, na hapa ndipo pana siri yenyewe. Usichukue pete, pete inazunguka, inanasa na inaonekana toka mbali. Chukua kipini chenye kichwa bapa, kidogo kama punje ya mtama, na nyuma yake kuwe na kisahani bapa pia, si ile chemchemi ya hereni za kawaida inayokusanya uchafu na kuchoma shingo ukilala. Chuma kiwe titaniamu ya daraja la kuwekwa mwilini. Hereni za bei rahisi zina nikeli, na mtu ambaye mwili wake unaikataa nikeli atawashwa na kutoka majimaji mwaka mzima akidhani ni uchafu.

Kuhusu rangi, wengi hapa huwa tunadanganyika. Ukitafuta vipini vya kuficha utaletewa vya plastiki inayoonyesha, au vya "rangi ya ngozi". Ngozi ya nani? Vingi ni vya waridi. Na ile inayoonyesha, kwenye ngozi nyeupe inapotea kweli, lakini kwenye sikio langu mimi ilimeremeta kama tone la maji, mtu wa kwanza kuingia ofisini akaniuliza nimejimwagia nini. Kilichonifaa ni titaniamu ya rangi ya shaba iliyokolea, niliyoiagiza Nairobi ikaja na basi la Namanga. Rangi hiyo haipakwi. Titaniamu inatumbukizwa kwenye kimiminika na kupitishiwa umeme, utando wake wa juu ndio unaobadilika rangi, kwa hiyo hakuna cha kubanduka na kuingia kidondani. Kwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, ukisimama hatua mbili huoni kitu. Rafiki yangu mmoja alitaka kubana matumizi, akapaka kipini chake rangi ya kucha ya kahawia. Ilimomonyoka ndani ya wiki, na mabaki akayachokonoa na pini.

Mwanzoni fundi anakuwekea kipini kirefu kidogo kwa sababu ya uvimbe. Uvimbe ukishuka, baada ya wiki nne mpaka nane, rudi akubadilishie kifupi. Wengi huruka hatua hii. Kirefu kinachungulia, kinanasa nywele, kinainama na kulipinda tundu, na hapo ndipo vinyama huanza kuota pembeni.

Nywele ni pazia zuri ila zina masharti. Rasta ndefu zilizoangushwa mbele ya sikio zilinifichia miezi mitatu. Lakini siku ya kusuka nilimwambia msusi mapema, na nilikwenda na kikombe kidogo cha karatasi cha kufunikia sikio wakati wa spirei. Jeli, mafuta ya nywele na dawa ya kulainishia visifike tundu bichi, na ukikaa chini ya draya chuma kinashika moto. Wanaofunga mtandio au hijabu wana nafuu ya kuficha, ila kitambaa kiwe cha pamba laini, kifuliwe kila siku, na pini zikae mbali na sikio. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Arusha ikibana, kofia ya sufu itakushawishi. Inatoa nyuzi, na nyuzi zinajizungusha kwenye kipini bila wewe kujua mpaka unapoivua. Nimeivua hivyo. Sitaki kukumbuka.

Plasta? Kwa saa mbili tatu, kwenye usaili kwa mfano, ile ya karatasi inayopumua inafaa. Siyo ya kitambaa, na siyo kutwa nzima, maana jasho likituama chini yake unamwandalia yule mdudu wa maji kitanda. Poda na faundesheni weka kwenye kichwa cha kipini ukipenda, lakini si kwenye ngozi iliyo wazi. Na njiti ya ufagio ambayo shangazi yangu wa Moshi alinishauri, kwamba ndivyo walivyozuia matundu yasizibe enzi zao, naiheshimu kwa historia yake. Kwa tundu bichi, mti unashika uchafu na kuacha vibanzi.

Adui ambaye sikumtegemea alikuwa simu ya mezani. Mhudumu wa mapokezi anabana simu sikioni siku nzima, ile ile iliyobanwa na wenzake wa zamu zote. Nikahamia sikio la kulia, na nikawa naifuta na spiriti kila nikiingia. Spiriti hiyo iishie kwenye simu. Kwenye tundu inaunguza ngozi changa inayojaribu kuota, sawa na haidrojeni peroksaidi, dawa ya meno, majivu na kila utakachoshauriwa na abiria mwenzako.

Sikio lenyewe linataka maji ya chumvi tu, asubuhi na jioni. Duka la dawa wanauza maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, ambayo ni chumvi sawa na ya mwili wako. Chupa ikishafunguliwa haidumu, mimina kidogo kwenye kikombe safi na usirudishe yaliyobaki. Ukitengeneza nyumbani, chemsha nusu lita ya maji, tia robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi, acha yapoe, na utengeneze mengine kesho. Usizidishe ukidhani itaponya haraka, inakausha. Lowesha mpaka magamba yalainike, futa na shashi safi, siyo pamba, kisha liache. Usikizungushe kipini. Mama yangu alinifundisha kukizungusha ili "kisigande", na sijui mama gani wa Kilimanjaro hakufundishwa hivyo, lakini kila ukikizungusha unachana ngozi mpya.

Binamu yangu wa kiume yeye hana nywele za kufichia, na kila Desemba anapanda Kibosho kula Krismasi na babu ambaye hataki kusikia habari ya mwanaume na hereni. Yeye alisubiri ndewe yake ifike mwaka na nusu ndipo akaanza kuijaribu: saa moja nje, kisha usiku mmoja, kisha siku tatu. Alipojua haizibi kwa siku tatu, akaenda kwa babu bila kipini. Kila mtu ana kasi yake, jaribu kabla ya safari na siyo ukiwa njiani Boma Ng'ombe.

Kama kwenu kuna mtu mwenye kovu linalofura na kuvuka mpaka wa kidonda, fikiria mara mbili kabla ya kugusa gegedu. Ngozi nyeusi ina hatari kubwa zaidi ya keloidi, na keloidi nyuma ya sikio hakuna rasta itakayoificha. Ikikatwa peke yake, mara nyingi inarudi kubwa zaidi. Sisi wa kaskazini tuna bahati: hospitali ya KCMC pale Moshi kuna kituo cha kikanda cha magonjwa ya ngozi tangu 1992, usimalizie hela kwa wauza mafuta. Na sikio la juu likifura na kuwa la moto, usisubiri kesho, wala usikitoe kipini mwenyewe kwa hofu. Tundu linaweza kuziba juu na kufungia usaha ndani. Daktari ndiye aliyekitoa changu.

Mwezi wa tisa baada ya kutogwa mara ya pili kulikuwa na ukaguzi wa mavazi. Nilikuwa nimebana nywele nyuma, kwa sababu rasta nilikuwa nimefumua wiki ile. Meneja alisimama upande wa kushoto, karibu kiasi cha kunusa kahawa yake, akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. Akaniambia beji yangu ya jina imekaa upande.