Bosi Akikuuliza Kuhusu Skana: Kwa Wanaoanza Kazi ya Stoo Mwanza

Ukiajiriwa leo kwenye ghala la Nyakato au Igoma, haitapita miezi mingi bosi atakuita ofisini akuulize kama hizi mashine za kuskani zinatufaa. Ameziona Dar, au kuna muuzaji amemwonesha picha. Usikimbilie kusema ndiyo. Zinafaa kweli, mimi mwenyewe siwezi kurudi kwenye daftari, lakini pesa nyingi huliwa mahali ambapo muuzaji hapataji, na atakayeulizwa ni wewe.

Anza na hili: bakodi haina jina la bidhaa wala bei. Ile michirizi ni namba tu. Juni 26, 1974, pakiti ya chingamu ya Wrigley's iliposkaniwa dukani Troy, Ohio, ikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa bakodi ya aina hii, mashine ilisoma namba, na jina na bei vilikuwa kwenye kompyuta. Mpaka leo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kama kwenye daftari lenu sabuni ileile mmoja ameandika "mche wa bluu", mwingine "S/mche B", na wa tatu ameandika jina la kiwanda peke yake, skana itawasaidia kukosea kwa kasi zaidi. Orodha moja, bidhaa moja jina moja, kipimo kimoja. Kazi hiyo inachosha, haina sifa, na ndiyo nusu ya mradi mzima.

Kipimo ndicho kinachoumiza watu. Chukua katoni ya sabuni yenye vipande 24. Kipande kina bakodi yake ya tarakimu 13. Katoni ilipaswa kuwa na yake tofauti, kwa kawaida ya tarakimu 14, lakini mizigo mingi tunayopokea haina, au kiwanda kimebandika nje namba ileile ya kipande. Sasa mzigo wa Ukerewe unatoka, katoni 40, kijana anaskani kila moja kwa uaminifu wote. Kompyuta inatoa vipande 40 badala ya 960. Jioni mfumo unaonesha bado mna vipande 920 ambavyo viko majini vinaelekea Nansio, na mteja wa kesho anauziwa hewa. Hapo maneno ya wizi yanaanza, makuli wanapekuliwa, na hakuna aliyeiba hata kipande.

Dawa yake ni kuipa katoni namba yake na kuiambia programu kwamba namba hii ni sawa na vipande 24. Kama hamna namba ya kiwanda, tengenezeni yenu ya ndani. Zile ambazo tarakimu zake tatu za mwanzo ni 200 hadi 299 zimeachwa kwa matumizi ya aina hiyo. Msijitungie inayoanza na 620, maana hizo hutolewa na GS1 Tanzania, shirika linalogawa namba za bakodi, na kila moja ina mwenyewe. (Na ukisikia mtu anasema 620 ni ushahidi kwamba bidhaa imetengenezwa nchini, mrekebishe kwa upole. Inaonesha namba imetolewa wapi, basi.) Mkiwa mnafungasha dagaa au mchele wenu kwa ajili ya supamaketi, msimruhusu mchoraji wa pakiti achape michirizi kwa rangi nyekundu juu ya nyeupe ili ipendeze. Skana nyingi humulika mwanga mwekundu, na kwake nyekundu na nyeupe ni kitu kimoja.

Lebo nazo zina siri yake. Printa ya bei nafuu huchoma karatasi kwa joto bila riboni, yaani utepe wa wino, kama mashine ya EFD. Wewe unajua risiti ya EFD inakuwaje ikikaa wiki moja juu ya dashibodi ya gari. Lebo itakayopigwa jua gatini au kuingia chumba cha baridi ichapwe kwa riboni, kwenye karatasi ya plastiki. Ni ghali kidogo.

Mtandao sasa. Mafundi hupenda kuja kufunga Wi-Fi siku stoo iko nusu tupu, wanatembea na simu mkononi, kila kona inashika, wanalipwa wanaondoka. Mzigo wa soda na maji ya chupa ukishapangwa hadi juu, kona ya nyuma inakufa. Maji hunyonya mawimbi, rafu za chuma na kuta za bati huyarudisha. Pimeni stoo ikiwa imejaa. Mawimbi ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi na hupenya vizuri kuliko ya 5 GHz, ambayo yana kasi zaidi lakini huishiwa nguvu haraka, na kwa stoo zetu kufika ni muhimu kuliko kasi, kwa sababu namba moja ya bakodi ni data kidogo mno. Kama kuna chumba cha baridi, usitegemee ishara ipenye mlango wake. Ama weka kisambazaji ndani, ama ukubali mashine ifanye kazi bila mtandao humo. Zile tagi za redio ambazo muuzaji anasema zinasoma paleti nzima kwa mpigo, kwa stoo ya vinywaji na vitu vya makopo, mwache aendelee na safari yake. Maji na chuma ndivyo adui zake.

Swali ambalo lazima umuulize mwenye programu ni hili: mtandao ukikatika nikiwa katikati ya kupokea lori, skani zangu zinakwenda wapi? Programu nzuri huzitunza kwenye kifaa na kuzituma baadaye. Mbaya huganda, na dereva hatakusubiri. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la Sengerema au Geita halina foleni ya kivuko ya kusingizia. Linaweza kurudi kupakia kabla karani hajamaliza kuingiza karatasi za safari iliyotangulia. Na umeme: watu huweka UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, kwenye kompyuta wakaisahau ruta. TANESCO wakikata, kompyuta inawaka vizuri kabisa na haina wa kuongea naye.

Ukiangukia kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, mambo ni mazito zaidi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, na tangu Januari 1, 2005 sheria yao inadai chakula kiweze kufuatiliwa, kimetoka kwa nani na kimekwenda kwa nani. Bakodi ya dukani haijui hayo. Huko utakutana na lebo ndefu zinazobeba namba ya bechi, yaani kundi lililozalishwa pamoja, na tarehe. Ukiona 17 ikifuatwa na 270331, ni mwisho wa matumizi, Machi 31, 2027.

Kwa stoo ndogo, simu ya kawaida na skana ya Bluetooth vinatosha kuanzia. Chukua inayosoma kwa kamera, maana ya leza haisomi QR. Wakataze watu kuskani katoni moja mara hamsini kwa sababu "zote zinafanana", maana ndani ya hizo hamsini huwa kuna mbili za harufu nyingine. Na kabla bosi hajasaini, muuzaji alete mashine moja ifanye kazi mlangoni kwenu wiki nzima, ikiwemo siku ya mzigo mkubwa, kisha aseme betri yake ya akiba inapatikana hapa Mwanza au mpaka iagizwe Dar.