Maswali ya Wasomaji: Vitabu Alivyoniachia Baba

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yangu, aliyekuwa mwalimu, aliniachia kabati zima la vitabu vya Kiswahili, na katika vingi aliandika maelezo yake pembezoni kwa penseli. Wanangu wananishauri niviondoe kwa kuwa siku hizi kila kitu kimo kwenye simu, na unyevu wa huku kwetu umeanza kuviharibu. Moyo wangu unakataa. Je, nang'ang'ania mambo yaliyopitwa na wakati? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiviondoe. Si kweli kwamba kila kitu kimo kwenye simu. Vitabu vingi vya Kiswahili vya miongo iliyopita, vikiwemo vya East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji vitabu la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1948, havipatikani tena madukani wala katika intaneti, na huenda kabatini mwako mna nakala ambayo mtafiti angeisafiria.

Hata kilichomo kwenye simu, mara nyingi mnunuzi huwa amepewa ruhusa ya kukisoma tu, na mwenye duka anaweza kuiondoa. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell katika vifaa vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Mwaka 2019 Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, wateja walirudishiwa fedha zao, lakini vitabu havikufunguka tena, na maandishi waliyokuwa wameyaongeza ndani yake yakapotea pamoja navyo. Hapo ndipo ninapokuunga mkono kwa moyo wote, kwani bei ya kitabu hulipika, ila maelezo ya baba yako hayauzwi popote. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate katika karne ya 18, umetufikia kwa sababu watu waliunakili kwa mkono, kwa hati ya Kiarabu, na waliorithi nakala hizo hawakuzitupa.

Kuhusu unyevu, lisogeze kabati mbali kidogo na ukuta na uliinue kutoka sakafuni, ili hewa ipite na njia za mchwa zionekane mapema. Usivibane vitabu, wala usivifunge katika mifuko ya plastiki, kwa maana unyevu ukinaswa humo huzaa ukungu. Vifungulie milango siku za kaskazi, hewa inapokuwa kavu. Kilichoota ukungu kipeleke nje kivulini, kiache kikauke, kisha kipanguse kwa brashi laini huku umefunika pua na mdomo. Usikianike juani.

Simu za wanao nazo zina kazi njema hapa: waombe wapige picha kila ukurasa wenye maelezo ya babu yao, wakianza na ile ambayo penseli yake imeanza kufifia.