Mzozo wa bahari na Somalia utaishia wapi?

Kaka, umeuliza huu mvutano wetu Wakenya na Somalia juu ya mpaka wa baharini utaishia wapi, mi naona kotini haurudi. Oktoba 12, 2021 ICJ, ile Mahakama ya Kimataifa ya Haki, walishachora laini yao, sisi twataka iende mashariki moja kwa moja kama tulivyodai tangu 1979, Somalia wao wataka iteremke kusini-mashariki, koti ikapitisha kati lakini ikaegemea Somalia. Eneo lenyewe lapita kilomita 100,000 za mraba, si mchezo! Serikali yetu ilishajitoa kwa kesi Machi mwaka huohuo na hukumu ikaikataa, na ICJ haina askari, kulazimisha hukumu ifuatwe ni hadi Baraza la Usalama la UN na huko kura ya turufu moja tu yazima kila kitu.

Kwa hivyo uwezekano mkubwa ni ibaki hivihivi, kila mtu na ramani yake, kampuni za mafuta zaogopa kuchimba pahali pana kesi, na mvuvi wa Kiunga anayetega jarife lake karibu na mpaka ndiye abaki kuangalia nyuma. Ama wakae chini wagawane samaki na mafuta, hiyo ndo ningependa mimi ila siasa za Mogadishu na Nairobi haziruhusu kirahisi. Vita hakuna bana.

Watu wasahau kitu kimoja, kusini na Tanzania tulikubaliana 1976 laini iende mashariki pale upande wa Pemba, sasa na kaskazini ikikatwa kimshazari bahari yetu yabanwa kama faneli kadiri uendavyo mbele.